Hela Atunze Mama

Uchaguzi wa kikundi cha wachakataji dagaa, kwenye mwalo mmoja hapa Kigoma, ulikwisha upesi kuliko dua ya kuufungua. Mwenyekiti: likatajwa jina la mwenye mitumbwi, likaungwa mkono, mikono juu. Katibu: kijana aliyemaliza kidato cha nne, kwa kuwa "ana mwandiko mzuri". Ilipofika zamu ya mweka hazina, mzee mmoja akasimama, akavua kofia. "Hapa tusipoteze muda, ndugu wajumbe. Hela atunze mama. Akina mama hawana tamaa." Pakalipuka makofi ya kilo na vigelegele. Mama mwenyewe akainuka, akakaza kitenge, akashukuru kwa imani waliyomwonyesha.

Wengi wa waliokaa kwenye mikeka ile walikuwa wanawake. Ndio wanaonunua dagaa wabichi asubuhi, wanaowaanika, wanaowageuza, wanaosindikiza magunia hadi stesheni. Hakuna aliyezuiwa kusema. Hakuna aliyetukanwa.

Tangu siku hiyo jambo hili limenikaa kichwani wiki hadi wiki, maana kila nikimtafuta aliyekosea simpati.

## Sifa yenye mipaka

Tukizungumzia vikwazo vya wanawake kuingia kwenye uongozi, huwa tunatafuta dharau. Dharau ipo, na ukiisikia unajua la kuijibu. Sifa ni ngumu zaidi kuijibu. Mtu akikwambia mbele ya mkutano kwamba wewe ni mwaminifu kuliko wote, utasimama useme nini? Useme hapana, mimi nataka kile kiti kingine? Utaonekana una uchu wa madaraka, na uaminifu uliosifiwa nao utaanza kutiliwa shaka.

Zunguka uangalie. Vikundi vya kuweka na kukopa, kamati za maji, kamati za shule, kwaya, vikundi vya kuzikana. Mweka hazina ni mama. Makamu, mara nyingine, ni mama. Mwenyekiti ni baba, hata pale ambapo baba wenyewe wako watatu katika watu thelathini.

Nimejaribu kujiambia kwamba si hoja, kwamba anayeshika fedha ndiye mwenye nguvu. Nikaangalia kazi zenyewe zinavyogawanyika, na hapo ndipo nilipobadilisha mawazo.

## Kufuli tatu

Aliyewahi kununua hisa kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, analijua sanduku: la bati, kufuli tatu, funguo tatu mikononi mwa wanachama watatu ambao si viongozi, na sanduku lenyewe nyumbani kwa mweka hazina. Utaratibu huo ni mzuri na umezuia wizi mwingi. Siku ya mkutano mweka hazina anapokea, anahesabu, salio linatamkwa mbele ya wote, sanduku linafungwa. Mkutano ukiisha, kazi yake iliyobaki ni kulala na sanduku chini ya kitanda.

Ya mwenyekiti ndiyo inaanza. Ndiye anayepigiwa simu na afisa maendeleo ya jamii. Ndiye anayejua semina iko lini na anapanga nani aende. Barua ya kwenda halmashauri inatoka na sahihi yake. Mgogoro wa wanachama wawili unapelekwa kwake jioni, anausikiliza, anausuluhisha, na wote wawili wanabaki na deni la shukrani kwake. Ajenda anaipanga yeye, na kwenye "mengineyo" anaamua ni neno la nani lisikilizwe na la nani lisogezwe kikao kijacho.

Baada ya miaka mitatu ya kazi hiyo, mtendaji anamjua kwa jina. Diwani anamjua. Chama kikitafuta wa kugombea uenyekiti wa mtaa, jina lake liko mezani kabla hajaomba. Mweka hazina kwa miaka hiyo hiyo mitatu amejulikana na wanachama thelathini, na amejulikana kwa jambo moja tu: hajaiba.

Kuna na upande wa hatari, ambao ndio unaonichoma zaidi. Mkopo wa mwanachama hupita kwa uzito wa neno la mwenyekiti. Mweka hazina akisita, akasema huyu bado hajamaliza deni la mwezi wa pili, anaambiwa, "Mama, mpe tu, kikao kimeshapitisha." Inafika siku ya kugawana mwisho wa mzunguko, fedha hazitoshi, na macho yote yanamgeukia yeye. Sahihi kwenye daftari ni yake. Sanduku lilikuwa kwake. Uamuzi haukuwa wake, lakini kashfa ni yake, na inamfuata mpaka kisimani.

## Oslo nao

Nilidhani hili ni la kwetu, la uswahilini na vikundi vya mikeka. Halafu ukiitazama Norwei unaona sura ile ile imevaa suti.

Mwaka 2003 Norwei ilipitisha sheria kwamba bodi za kampuni kubwa zinazouza hisa kwa umma ziwe na angalau asilimia 40 ya kila jinsia. Kufikia 2008 adhabu ya kutotii ilikuwa kali kweli: kampuni kuvunjwa. Bodi zikatii. Lakini kiti cha mtendaji mkuu, ambacho sheria haikukigusa, kiliendelea kukaliwa na wanaume katika kampuni nyingi sana.

Sababu moja kubwa inajulikana, na si ya Norwei peke yake. Mtendaji mkuu huchukuliwa kutoka kwa watu walioendesha uzalishaji au mauzo, wale ambao faida na hasara vimesomwa kwa jina lao. Wanawake waliopanda ngazi kwenye kampuni wamejazana kwenye sheria, rasilimali watu na mawasiliano. Ni kazi za heshima, zinahitaji uaminifu na umakini, ila njia yake inaishia hapo. Ofisi nzuri, mshahara mzuri, ngazi imekatika.

Mweka hazina wa mwalo na mkurugenzi wa rasilimali watu wa Oslo wangekaa pamoja wangeelewana haraka.

## Kura ya kwanza ndiyo kura

Rudi kwenye mikeka. Kuna mambo mawili ya utaratibu ambayo watu hawayatilii maanani, nami naamini yanaamua matokeo kuliko mitazamo ya watu.

La kwanza ni mpangilio wa nafasi. Siku zote tunaanza na mwenyekiti. Jina la kwanza hutajwa na mtu jasiri wa kuongea, na mara nyingi linakuwa la mwanaume mwenye mtumbwi, duka au pikipiki. Akishapita, mkutano unaanza kutafuta usawa: "Sasa makamu awe mama." "Mweka hazina awe mama, tusiwasahau." Kila nafasi ya chini ikipewa mwanamke, dhamiri ya mkutano inatulia. Watu wanaondoka wakiamini wametenda haki, na kwa hesabu ya vichwa ni kweli: viongozi watano, wanawake watatu.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Majina ya wagombea wa nafasi zote yakusanywe kwa maandishi wiki moja kabla, yasomwe yote kabla ya kura yoyote kupigwa, na kura za nafasi zote zipigwe kwa mkupuo mmoja. Hapo hakuna kufidiana. Wiki hiyo moja ina faida nyingine. Mwanamke aliyependekezwa papo hapo, mbele ya shemeji na mama mkwe, mara nyingi husimama akasema, "Nashukuru, lakini naondoa jina langu." Akipewa wiki, anapata nafasi ya kuzungumza nyumbani, kupanga nani atamwangalizia vichanja, na kurudi na jibu lake mwenyewe.

La pili ni mikono. Kura ya kunyoosha mkono inaonekana na mwenye mtumbwi anayekuuzia dagaa kwa mkopo. Mwanamke anayetegemea kupimiwa ndoo kesho asubuhi hawezi kumnyooshea mkono mpinzani wa mwenye mtumbwi huyo, na asilaumiwe kwa hilo. Karatasi inaondoa tatizo. Ukurasa mmoja wa daftari unatoa vipande vinane. Kwa wasiosoma, kila mgombea apewe alama inayochorwa upesi: jua, kasia, samaki. Ndoo yenye mfuniko uliotobolewa inatosha kuwa sanduku la kura. Pa kuchorea pawe nyuma ya turubai au ndani ya chumba, mmoja mmoja. Wahesabuji wawe wawili wasiogombea, wafungue kila karatasi juu, waitaje kwa sauti. Kosa linalotokea sana ni kugawa karatasi halafu watu wakachora wakiwa wamekaa bega kwa bega. Hiyo bado ni kura ya mikono.

## Kundi la wanawake

Kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa Novemba 27, 2024, wajumbe hugombea kwa makundi mawili: kundi la wanawake na kundi mchanganyiko. Nia ya mpango huo naiunga mkono. Sheria inataka halmashauri ya kijiji iwe na wanawake wasiopungua robo, na bila kutenga viti robo hiyo isingepatikana katika vijiji vingi.

Tatizo ni kinachotokea kabla ya kura. Mwanamke akienda kwenye chama chake kuomba kugombea, anaelekezwa kundi la wanawake. Akitaja mchanganyiko, anaulizwa kwa upole, kwa nini ukabanane na wanaume wakati nafasi zenu zipo? Hivyo kundi mchanganyiko likageuka, kwa desturi tu, kundi la wanaume. Kiwango cha chini kilichowekwa na sheria kikawa ndiyo dari. Na kiti cha mwenyekiti wa kijiji au mtaa hakijatengwa popote. Hicho kinahitaji jina linalojulikana, na tumeshaona majina yanavyojulikana.

Wako wanaonijibu kwamba nchi ina Rais mwanamke tangu Machi 2021, sasa mnataka nini tena. Nafurahi kama wao. Ila mkutano wa mwalo hauendeshwi kutoka Dodoma. Unaendeshwa na nani anataja jina la kwanza.

## Tabora, jina kwenye kitabu

Panda treni ya kwenda Tabora, teremka Kaliua au Urambo kwenye tumbaku, na kikwazo kinakuwa cha mapema zaidi. Pale mwanamke hafiki hata kwenye kura.

Kazi ya tumbaku inajulikana nani anaifanya. Vitalu vinamwagiliwa asubuhi na jioni, miche inahamishwa, majani yanachumwa, yanafungwa kwenye fito, yanakaushwa kwenye bani ambako moto unalindwa usiku na mchana, yanapangwa madaraja jani kwa jani. Kupanga madaraja ndiko kunakoamua bei, na mikono inayopanga ni ya wanawake kwa sehemu kubwa. Lakini makisio ya msimu (kiasi cha tumbaku kinachotarajiwa kulimwa), mkopo wa pembejeo, akaunti ya malipo na uanachama wa AMCOS, ushirika wa wakulima, vimeandikwa kwa jina moja, la mume. Kwenye ushirika mwanachama mmoja ana kura moja, kanuni nzuri ya tangu zamani, na mke si mwanachama. Ukiuliza kwa nini bodi ina wanaume watupu, utaambiwa wanawake hawajitokezi. Wajitokeze vipi kwenye mkutano mkuu usio wao?

Njia ipo. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja, au mke akawa na kipande chake. Akiwa na shamba anaweza kuomba uanachama kwa jina lake, apewe makisio yake, auze marobota yake. Panapoharibika ni kwenye deni: baadhi ya familia humsajili mke ili mume aliyelemewa na mkopo apate pembejeo upya kwa jina la pili. Mama anaingia ushirika akiwa na deni ambalo si lake, na asiye na sifa ya kukopa hana uso wa kugombea. Kwa hiyo kabla ya kusaini makisio aulize kwa sauti, mbele ya katibu: mbolea hii ni mifuko mingapi, na inakwenda shamba la nani?

## Mila ipi?

Huwa inafika mahali mtu anasema mila zetu haziruhusu mwanamke kutawala. Hapa Kigoma jibu liko karibu: Mwami Theresa Ntare alikalia kiti cha utemi wa Heru, huko Kasulu, kabla ya Uhuru. Waha walimwita Mwami, cheo kile kile cha wanaume waliomtangulia.

Nisiitie chumvi hoja hiyo. Aliingia kwa damu ya ukoo, na kwa mwanamke wa kawaida wa Kiha mlango haukufunguka kwa sababu yake. Lakini inatosha kumwonyesha anayesema haijapata kutokea.

## Wakishavunja ndipo wanampa

Kuna wakati mwanamke anapewa uenyekiti kirahisi kabisa. Ni pale ambapo kikundi kimeshafilisika. Mwenyekiti amekopa na hajarudisha, wanachama nusu wameondoka, halmashauri inadai marejesho ya mkopo, na ghafla sauti zinasikika: "Safari hii tumpe mama ajaribu."

Mwaka 2005 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, Michelle Ryan na Alexander Haslam, walionyesha jambo hilo kwenye kampuni kubwa za London: wanawake waliingizwa kwenye bodi zaidi pale ambapo hisa za kampuni zilikuwa zimeshayumba kwa miezi mfululizo. Iceland ilimpata Jóhanna Sigurðardóttir, waziri mkuu wake wa kwanza mwanamke, mwaka 2009, benki zikiwa zimeshaanguka. Jamhuri ya Afrika ya Kati ilimpa Catherine Samba-Panza urais wa mpito Januari 2014, Bangui ikiwaka.

Sisemi wakatae. Nasema anayekubali aanze na makabidhiano: orodha ya wadaiwa kwa majina na tarehe, salio la benki lililochapwa siku hiyo, hesabu ya fedha ya mkononi iliyofanywa mbele ya wote, na sahihi ya anayetoka. Bila karatasi hizo, baada ya miezi sita deni la mwenzake litakuwa limeshakuwa lake midomoni mwa watu.

## Mawingu na nauli

Wanawake wengine ukiwauliza wanasema wazi hawautaki uenyekiti. Nimejizuia kuwajibia haraka, kwa sababu hesabu yao ni sahihi.

Mitumbwi inarudi kunapopambazuka. Dagaa wananunuliwa, wanaoshwa, wanamwagwa kwenye vichanja vya waya, wanageuzwa jua likipanda. Jua likiwa kali wanakauka siku hiyo hiyo. Jioni lazima wakusanywe kabla ya umande. Masika, wingu moja likitokea upande wa Kongo, kila mtu anakimbia. Dagaa walionyeshewa wanabadilika rangi, wananuka, na anayewanunua ni wa chakula cha kuku. Kikao kinachoitishwa saa tisa alasiri kinamlazimisha mwanamke kuchagua kati ya ajenda na mtaji wake. Saa tano asubuhi, dagaa wakishaanikwa na kugeuzwa mara ya kwanza, kikao cha saa moja kinawezekana. Usiku wa mbalamwezi, ambapo wavuvi hawaendi na taa, asubuhi yake hakuna dagaa, na hiyo ndiyo siku ya mkutano mrefu.

Halafu kuna safari. Mwenyekiti anaitwa halmashauri, anaitwa mkoani. Anatoa nauli mfukoni akisubiri kurudishiwa, analala gesti, na kwa mwanamke gesti ina maneno yake. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, vichanja vilikaa vitupu miezi mitatu, na anayeweza kwenda kuwasemea waanikaji alihitaji kwanza nauli. Nauli ya kiongozi iandikwe kwenye bajeti ya kikundi na itolewe kabla ya safari. Na kila safari waende wawili. Mdomo wa mtaa unakosa la kusema, na wa pili anajifunza njia.

## Wa pili

Nilikuwa na shaka moja kubwa kuhusu kulazimisha uenyekiti kwa kanuni, na shaka hiyo inaitwa India. Tangu mabadiliko ya 73 ya katiba yao, yaliyoanza kutumika 1993, angalau theluthi moja ya halmashauri za vijiji lazima ziongozwe na wanawake. Wao walitenga kiti chenyewe cha mkuu, kwa zamu, kijiji hadi kijiji. Kilichofuata mahali pengi ni waume kukaa vikaoni kwa niaba ya wake zao, wakipiga soga na maofisa huku mwenye kiti akichemsha chai. Nikasema, basi hata hapa itakuwa hivyo.

Kilichonigeuza ni uchunguzi uliofanywa huko huko India, jimbo la Bengali Magharibi. Wanavijiji walisikilizishwa hotuba moja ya kiongozi, maneno yale yale, wengine kwa sauti ya kiume na wengine kwa sauti ya kike. Vijiji ambavyo havijawahi kuongozwa na mwanamke, wanaume walimpa msemaji wa kike alama za chini. Vilivyowahi kuwa na kiongozi mwanamke, tofauti hiyo ikapungua mno. Jambo la pili ndilo lenye uzito: mwanamke wa kwanza kuongoza kijiji alipewa alama mbaya na wananchi hata pale kazi yake ilipokuwa si pungufu ya mwanaume. Wa pili ndiye aliyeanza kupimwa kwa kazi. Na katika vijiji vilivyopitia vipindi viwili, wanawake wakaanza kugombea na kushinda hata viti visivyotengwa.

Ukisoma hivyo unaelewa kwa nini vikundi vyetu hukwama. Vinamchagua mama mmoja, anaongoza kipindi kimoja akisemwa mwanzo hadi mwisho, kisha mkutano unasema "tulishajaribu" na unarudi kwa mwenye mtumbwi. Wanasimama pale pale ambapo alama huwa mbaya kuliko zote.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka kweli, kiandike kwenye katiba yake vifungu viwili. Kimoja: mweka hazina aliyemaliza kipindi bila upungufu wa fedha haruhusiwi kurudia nafasi hiyo, na jina lake linaingia moja kwa moja kwenye karatasi ya wagombea uenyekiti, isipokuwa akatae kwa maandishi. Kingine: uenyekiti wa kupokezana ukianza na mwanamke, anayemfuata naye awe mwanamke, ndipo zamu ianze. Kifungu hiki cha pili ndicho kitakachopigiwa kelele mkutanoni. Kipitishwe kwa karatasi, ndani ya ndoo.